BADEN-POWELL: MWANAJESHI ALIYEWAGAWA VIJANA ILI WAUNGANE

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Wenzangu wengi wamechagua wanasiasa na wanariadha. Mimi nimemchagua mzungu mmoja mwanajeshi, na wala si kwa sababu nayapenda yote aliyoyafanya. Nimemchagua kwa sababu jambo moja aliloanzisha limenitoa ujinga mimi mwenyewe, na kwa sababu babu yangu aliniuliza swali juu yake nikabaki mdomo wazi. Makala haya ndiyo jibu langu kwa babu.

Mtu huyo ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Kaburi lake liko hapa hapa Kenya, mjini Nyeri. Kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari, maskauti wa nchi yetu hukusanyika huko kuikumbuka siku yake ya kuzaliwa. Mwaka wa 2024 nilibahatika kuwa miongoni mwao. Safari ya kutoka Garsen hadi Nyeri si mchezo! Tulifika tumechoka, vumbi hadi kwenye kope. Hata hivyo, nilipolikaribia kaburi lile uchovu wote ulinitoka. Jiwe lake lina duara lenye nukta katikati. Hiyo ni alama ya njiani wanayoitumia maskauti, na maana yake ni kwamba aliyepita hapa amekwisha kurudi nyumbani.

Mwalimu mlezi wetu alituonyesha mabonde ya Nyeri, akatueleza kwamba mito inayoshuka huko kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya ndiyo inayoufanya Mto Tana. Nilishangaa. Kumbe maji yanayopita karibu na alipolala mzee yule husafiri mamia ya kilomita, yakatufikia sisi Garsen, yakanywesha mpunga na miembe yetu na ng'ombe wa jirani zetu, kisha yakaingia baharini Kipini!

Niliporudi nyumbani nilimsimulia babu yote hayo kwa furaha. Babu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali lake. Alitaka kujua ilikuwaje mtu aliyekuja Afrika na bunduki kuwashinda watu weusi awe ndiye wa kutufundisha sisi namna ya kuishi na majirani. Basi nikanyamaza. Siku iliyofuata nilikwenda maktaba, nikaanza kusoma.

Robert alizaliwa London, Uingereza, tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Oxford, lakini alifariki Robert akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Mama yake, Henrietta, akabaki na kundi la watoto wa kulea peke yake. Watoto wa kiume walipenda sana kusafiri kwa mashua. Kaka yao mkubwa, Warington, ndiye aliyekuwa nahodha, na wadogo walifuata amri. Sisi wa mtoni tunaelewa vizuri jambo hilo: chomboni hakuna abiria wa kukaa bure, kila mmoja ana kazi yake.

Shuleni Charterhouse hakuwa mwanafunzi wa kutajwa sana darasani. Alikuwa golikipa wa timu ya kandanda na mtu wa vichekesho. Karibu na shule palikuwa na kichaka ambacho wanafunzi hawakuruhusiwa kuingia. Yeye alijipenyeza humo, akanasa sungura na kuwapika kwa moto mdogo sana ili moshi usimchongee kwa walimu. (Tafadhali usimwige kwa hilo!) Alishindwa kuingia Oxford alikosomesha baba yake. Mwaka wa 1876 akafanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri, akapelekwa India akiwa na miaka 19.

Huko India aligundua kwamba askari wengi walijua kutii amri tu. Ukimtoa mmoja peke yake porini, amepotea. Kwa hiyo akaanza kuwafundisha wachache wachache kusoma nyayo, kupeleleza na kutumia akili zao wenyewe. Nakuomba msomaji ulishike hilo la wachache wachache, maana tutalirudia.

Baadaye aliletwa Afrika, na hapa ndipo swali la babu linapochoma. Mwaka wa 1896 Waandebele wa nchi inayoitwa leo Zimbabwe walisimama kuwapinga walowezi waliokuwa wamewanyang'anya ardhi na ng'ombe. Baden-Powell alikuwa upande wa waliokwenda kuwazima. Chifu mmoja aliyeitwa Uwini alikuwa amekwisha kukamatwa. Baden-Powell akaamuru ahukumiwe na mahakama ya kijeshi, na chifu huyo akapigwa risasi. Mimi ni mtoto wa Tana River. Nikisoma habari za watu kuuana kwa sababu ya ardhi na ng'ombe sihitaji kufafanuliwa.

Jina lake lilivuma dunia nzima kwa sababu ya mji mdogo wa Mafeking, Afrika Kusini. Makaburu waliuzingira mji huo kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, siku 217, na yeye ndiye aliyekuwa kamanda wa waliozingirwa. Askari walikuwa haba. Afisa mmoja chini yake, Lord Edward Cecil, akawakusanya vijana wa kizungu wa mji ule wakawa kikosi cha kupeleka ujumbe na kulinda zamu. Kiongozi wao alikuwa kijana mwenzao, Warner Goodyear. Mwanzoni walipanda punda, na baadaye wakawa wanapita kwa baiskeli huku mizinga inalia. Stempu moja iliyotolewa mjini wakati ule ilikuwa na picha ya kijana akiwa juu ya baiskeli. Baden-Powell aliliona jambo ambalo watu wazima wengi hawakuliona: ukimpa kijana kazi ya kweli, ukamwamini, ataifanya.

Lakini Mafeking ina upande wa pili. Ndani ya mji ule ule walikuwemo maelfu ya Waafrika, hasa Wabarolong, ambao nao walishika silaha kuulinda. Chakula kilipopungua, mgawo wao ulikuwa mdogo kuliko wa wazungu, na wengi wakafa kwa njaa. Mwafrika mmoja aliyekuwa mkalimani mahakamani huko, Sol Plaatje, aliandika siku kwa siku mambo aliyoyaona. Kitabu chake kilichapishwa mwaka wa 1973, miaka mingi baada ya kufa kwake. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Sababu nitakuambia baadaye.

Baden-Powell alirudi Uingereza akiwa shujaa. Alistaajabu kukuta kwamba kijitabu alichowaandikia askari juu ya upelelezi kilikuwa kikisomwa na watoto na walimu wao. Akashauriwa akiandike upya kwa ajili ya vijana. Yeye hakutaka kuandika tu, alitaka kwanza kujaribu. Mwanzoni mwa Agosti 1907 akawachukua vijana ishirini hivi, akaenda nao kambini katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, kwa muda wa kama wiki moja.

Vijana hao hawakuwa wa aina moja. Wengine walikuwa watoto wa matajiri wanaosoma shule za fahari, na wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya Poole na Bournemouth. Katika Uingereza ya wakati ule, watoto hao walikuwa hawakai meza moja. Angeweza kuwapanga wa hali moja pamoja, kila mtu na wake, mambo yaende shwari. Badala yake akawachanganya, kisha akawagawa katika vikosi vidogo vinne: Fahali, Mbwamwitu, Kunguru na ndege mmoja wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda. Kila kikosi kilivaa utepe wa rangi yake begani na kulala katika hema lake. Kila kikosi kilikuwa na kiongozi ambaye ni kijana kama wenzake. Asubuhi Baden-Powell alipuliza pembe ya tandala aliyotoka nayo Matabele, kama siwa ya kwetu Pwani, na siku ikaanza: kufunga kamba, kuwasha moto, kupika, kunyatia wanyama na kumwokoa aliyezama. Jioni hadithi motoni.

Msomaji, hapo ndipo penye siri yote. Watu wengi wanapotaka vijana washirikiane huwaita ukumbini, huwahutubia juu ya umoja, kisha huwapa soda na kuwaruhusu waende. Vijana hupiga makofi, na kila mmoja hurudi kwa wa kwao. Baden-Powell alifanya vingine. Kwanza, alifanya kundi liwe dogo kiasi kwamba mvivu hana pa kujificha. Pili, uongozi aliuweka mikononi mwa vijana wenyewe, na kiongozi akawajibika kweli kweli. Tatu, aliwapa kazi ambayo mtu mmoja haiwezi. Hema halisimami kwa mikono miwili. Hukulala nje kwa sababu umekosa nidhamu, umelala nje kwa sababu hukumshikia mwenzako nguzo.

Mimi nayajua haya kwa kuyapitia. Nilijiunga na skauti katika Kidato cha Kwanza mwaka wa 2022. Mlezi wetu alitugawa sita sita, akahakikisha kila kikosi kina mchanganyiko. Mimi ni Mpokomo. Kikosi changu kikamchagua kijana wa Kiorma kuwa kiongozi. Nilikasirika sana. Nyote mnakumbuka, au mmesimuliwa, yaliyotokea huku kwetu kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, wakati zaidi ya watu mia moja walipouawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini mgongo wa mama aliponibeba tukikimbia usiku naukumbuka hadi leo. Basi nikaenda kwa mlezi nikamwambia wazi anihamishie kikosi kingine. Mlezi alikataa. Aliniambia nisubiri kambi ya kwanza, kisha nikitaka nihame.

Kambi ilikuwa kando ya mto. Tulipangiwa zamu za wawili wawili kuteka maji: mmoja anateka, mwenzake anasimama na fimbo akiangalia mto, kwa maana mamba wa Tana hawana utani. Nikapangwa na nani? Na yule yule kiongozi! Siku ya kwanza tuliteka bila kusemezana. Siku ya pili nilikuwa nimeinama na jerikeni, mara nikahisi shati linavutwa kwa nguvu. Nikaanguka chali, naye akaniangukia, jerikeni ikaenda na maji. Nilipoinuka nikatazama mtoni. Lilikuwa gogo! Gogo tupu, linaelea zake polepole. Tulicheka hadi tukashikwa na mbavu. Usiku ule, hata hivyo, sikupata usingizi upesi. Nilikuwa nikifikiri kwamba ningekuwa mimi mwenye fimbo, huenda ningekuwa naangalia pengine. Yeye alikuwa akiangalia mto. Alfajiri nilimwambia mlezi sitaki tena kuhama. Huyo kijana aliniambia baadaye kwamba yeye naye mwaka ule wa 2012 kwao walikimbia usiku.

Turudi kwa Baden-Powell. Mwaka wa 1908 alichapisha kitabu chake cha skauti, kwanza katika sehemu ndogo ndogo za bei rahisi. Vijana walikinunua kwa pupa, wakaunda vikosi vyao wenyewe kabla hata ya kupata mtu mzima wa kuwalea. Mwaka wa 1909 maelfu yao walikusanyika Crystal Palace, London, na humo wakatokea wasichana waliojiita maskauti bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka wa 1910 kikaanzishwa chama cha Girl Guides, dada yake Agnes akakisimamia. Mwaka huo huo alistaafu jeshi ili awatumikie vijana, na skauti ikaingia Kenya. Mwaka wa 1912 alimwoa Olave, ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi wa Girl Guides wa dunia. Mwaka wa 1920, katika mkutano mkubwa jijini London, vijana wa nchi mbalimbali walimtangaza kuwa Skauti Mkuu wa Dunia. Leo maskauti duniani ni zaidi ya milioni hamsini.

Lakini yale ya Mafeking hayakuisha. Katika makoloni mengi vijana walitengwa kwa rangi hata ndani ya skauti. Huko Afrika Kusini, kuanzia 1922, vijana Waafrika walikuwa na chama chao cha pembeni kilichoitwa Pathfinders. Kule Brownsea mtoto wa tajiri na wa kibarua walilala hema moja, lakini huku kwetu hema lilikuwa na mlango wa rangi. Mwenye njia nzuri hakuifuata njia yake hadi mwisho.

Mwaka wa 1938, afya ikiwa imedhoofika, Baden-Powell na mkewe walihamia Nyeri, katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu, kwenye uwanja wa Hoteli ya Outspan. Huko alichora wanyama na kuandika. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na umri wa miaka 83. Olave alifariki mwaka wa 1977, na majivu yake yakaletwa kuzikwa pamoja na mumewe.

Sasa nikuambie kwa nini niliposoma habari za mgawo wa chakula wa Mafeking nilikifunga kitabu. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 mvua za El Niño zilileta mafuriko makubwa. Nyumba za wakulima na maboma ya wafugaji vyote vilimezwa na maji, na familia zikakimbilia mahali palipoinuka. Kikosi chetu tulijitolea kubeba mizigo na kugawa unga. Siku ya kwanza mimi ndiye niliyeshika kibaba. Mama mmoja wa kijiji chetu alipofika mbele yangu, aliniita mwanangu, akaniangalia. Nikamwongezea kibaba kimoja. Hakuna aliyesema neno, lakini kiongozi wetu aliona, na wenzangu waliona.

Jioni tulikaa sisi sita kama desturi yetu, kila mmoja akasema ya siku hiyo. Nilipofika zamu yangu nilikiri. Hakuna aliyenitukana. Tukakubaliana kwamba kuanzia kesho unga utapimwa na watu wawili, mmoja wa jamii ya wakulima na mmoja wa jamii ya wafugaji: mmoja anapima, mwenzake anaangalia. Ilikuwa sheria ile ile ya mamba! Unga uligawanywa siku zilizofuata bila manung'uniko. Nilipokuja kusoma habari za Mafeking miezi michache baadaye, sikuweza kumnyooshea mzee yule kidole kwa wepesi. Nilijiona mimi, na kibaba mkononi. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na watu watano wa kuniuliza, na wawili kati yao hawakuwa wa kwetu.

Hilo basi ndilo jibu nililompelekea babu. Nilimwambia kwamba hatumfuati Baden-Powell katika bunduki yake wala katika mgawo wake. Tumechukua kwake kitu kimoja: kikosi kidogo, kiongozi kijana, kazi ya kweli. Halafu tumekiongezea kile alichokipunguza yeye alipofika kwetu, yaani kwamba kila mtu aingie hemani. Babu alikaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza kama yule kijana wa Kiorma anapenda maembe. Nikamwambia anapenda mno. Akaniambia nimlete msimu ukifika.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, natumai nanyi mmepata funzo. Kama wewe ni kiranja, nahodha wa timu au kiongozi wa chama chochote, usiwaache watu wa kijiji kimoja wakae kundi moja. Wagawe wachache wachache, wachanganye, wape kazi ambayo mmoja hawezi, na jioni wakalishe chini waulizane. Walezi na walimu wetu nao tunawaomba watuamini, watuachie kazi za kweli hata kama tutaanguka chali mara moja mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa, wahenga walisema, lakini mimi naongeza kwamba hata vidole vitano lazima kwanza viwe katika mkono mmoja.

 

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne.